Wamenihesabia nusu

Morogoro, Jumanne usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Huku wazima, mama goti limepoa na kila siku anakuulizia. Nimekaa kimya tangu Pasaka, nisamehe. Leo nimejaa, lazima nikumwagie.

Maombi yangu ya kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi yamerudi. Eti machapisho ni machache na sijanukuliwa vya kutosha. Nikaomba nione hesabu ya kamati, nikakuta wamehesabu yale yenye jina la mume tu! Makala sita nilizoandika kabla sijaolewa, zote za mimea, hazimo. Na hizi za kemia, mjumbe mmoja kaandika pembeni kwamba ni mambo ya majani. Wa biolojia nao wanasema mimi mkemia. Miaka tisa nakamua majani yaleyale, Zuhura. Mmea haujui idara.

Usiku ule nilimkumbuka Tu Youyou, yule mwanasayansi wa China aliyetafuta dawa ya malaria, ambaye Mzee Kessy alikuwa akitusimulia habari zake mpaka chai inapoa. Jani la Artemisia annua alilichemsha kama wengine, dawa ikawa haitulii, leo inafanya kazi kesho haifanyi. Akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, mganga wa China wa karne ya 4, kinachosema loweka majini, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha! Akaelewa kuwa moto ndio unaoiharibu, akatumia kiyeyushi kiitwacho etha kwa joto dogo. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote vya malaria kwenye panya, na kabla ya kuwapa wagonjwa aliinywa yeye mwenyewe na wenzake. Sasa hiyo ni biolojia au kemia?

Na kinachonikaa kooni ni hiki: muundo wa artemisinini, dawa yenyewe iliyomo kwenye jani lile, ulipochapishwa mwaka 1977, makala haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Jina la kikundi tu. Ukimtafuta Tu Youyou mle kwa hesabu ya kamati yangu, anapata sifuri. Dawa mseto ya malaria aliyomezeshwa Hamisi wako mwaka jana imetoka kwenye jani hilo. Nobeli ilimfikia mwaka 2015, hana hata udaktari wa falsafa. Mimi sijafika popote karibu na hapo, nataka tu vilivyo vyangu vihesabiwe.

Juma wa maabara anasema niache, nitajitengenezea maadui. Siachi. Barua ya rufaa nimeshaianza. Nimemtaja pia Lowry, mwanabiokemia wa Marekani, kuonyesha kuwa kunukuliwa sana si ukubwa wa kazi: makala yake ya 1951 ya kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, na orodha ya makala 100 zilizonukuliwa kuliko zote ilipotolewa mwaka 2014, ile maarufu ya Watson na Crick ya umbo la DNA haikuwamo. Mwenyewe Lowry alikiri kuwa si makala kubwa, ni njia ya kupimia ambayo kila maabara inaihitaji. Lakini naogopa wataona nawafundisha kazi.

Nimtoe Lowry au nimwache? Wewe ulipobadilisha jina uliunganishaje rekodi zako, na ilichukua siku ngapi? Ile nakala ya makala yetu ya mlonge, yenye jina langu la zamani, bado unayo? Mwisho wa rufaa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Utaweza kuisoma kabla ya Jumatano? Na Hamisi, ameshaanza shule?

Wako,
Neema