Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: Boheti bin Amrani apewe mtaa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Lindi. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba kinahitaji sauti za wengi, nami ningependa wana-Lindi wakisome pamoja nawe. Naomba jina la Boheti bin Amrani liandikwe mahali pa wazi katika mji huu. Uwe mtaa, iwe barabara, au kibao cha heshima karibu na bandari. Najua wengi wanaosoma hapa watauliza Boheti ni nani, na hilo swali lenyewe ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Kilima cha Tendaguru kiko kilomita kama 60 kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, upande wa Mto Mbwemkuru. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuwa akizunguka huko kutafuta madini, akaiona mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa viumbe wa kale, akathibitisha kuwa ni mifupa ya dinosaria. Kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin yaliendesha pale moja ya kazi kubwa kabisa za uchimbaji wa dinosaria kuwahi kufanyika duniani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka Lindi kwenda Ujerumani.

Ukifungua maandishi mengi utasoma kwamba wachimbaji walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Walikuwa wataalamu hodari na kazi yao naiheshimu. Lakini watu wawili hawachimbi tani 200, Mheshimiwa. Mwaka 1911 pale kilimani walikuwapo wafanyakazi wapatao 500, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyewapanga watu kwenye mashimo, na ndiye aliyekuwa fundi wa kuifunua na kuiandaa mifupa isivunjike.

Naomba tuitazame hiyo kazi kwa karibu, maana mtu akisikia uchimbaji anafikiri ni jembe na jasho tu. Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 umekuwa jiwe, lakini ni jiwe lenye nyufa kila mahali. Ukiuvuta kwa pupa unabaki na kokoto. Kwa hiyo udongo wa juu uliondolewa kwa majembe, kisha watu wakapiga magoti na vifaa vidogo, wakiufuata mfupa kidogo kidogo kujua unaanzia wapi na unaishia wapi. Mfupa mkubwa ulitolewa vipande vipande, na kila kipande kikatiwa alama ili huko mbele ya safari kijulikane ni cha shimo gani na kinaungana na kipi. Halafu vikafungwa ndani ya mianzi iliyopasuliwa na kusukwa kama pipa. Huo ni ufundi wa mikono ya watu wa huku, na baadhi ya mapipa hayo yalikaa Berlin miaka mingi yakiwa hayajafunguliwa.

Baada ya hapo ulianza mwendo. Hapakuwa na reli wala gari. Wapagazi walibeba mizigo kichwani, na iliyokuwa mizito zaidi wakaining'iniza kwenye miti na kuibeba mabegani kwa pamoja, siku nne porini mpaka bandarini Lindi. Mfupa mmoja tu wa bega hadi kiwiko wa yule dinosaria mkubwa kuliko wote waliochimbwa pale una urefu wa mita 2 na sentimita 13. Mtu mzima akisimama kando yake anapitwa. Picha za wapagazi hao zipo mpaka leo. Wamejipanga mstari mmoja, mizigo kichwani, na chini ya picha nyingi hakuna hata jina moja.

Walikuwa akina nani? Kumbuka miaka yenyewe. Maji Maji ilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, na Wamwera wa mkoa huu walikuwamo. Wajerumani walichoma vijiji na mashamba, njaa ikaua watu kuliko risasi. Miaka miwili baadaye Tendaguru ikafunguliwa. Waliokwenda kuinama kwenye mashimo yale walitoka katika nchi iliyokuwa bado inazika. Kila ninapofika kwenye mada hii darasani nasimama hapo, kwa sababu wanafunzi wanapoona Maji Maji ukurasa mmoja na dinosaria kwenye televisheni, hawadhani kama ni watu walewale.

Leo mifupa ile imesimamishwa katika ukumbi mkuu wa makumbusho ya Berlin. Ilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, na baada ya kupangwa upya mwaka 2007 ina kimo cha mita 13.27. Inatambuliwa kuwa ndiyo mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani. Jina lake la kisayansi ni Giraffatitan brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho. Mwingine wa Tendaguru ameitwa Dicraeosaurus sattleri, kwa ajili ya Sattler. Yupo Janenschia, kwa ajili ya Janensch. Yupo Elaphrosaurus bambergi, aliyepewa jina la mfadhili mmoja wa Berlin aliyetoa fedha. Wengi wa waliotoa fedha na waliotoa amri walikumbukwa mapema.

Mwaka 2007, takriban karne moja baada ya kazi kuanza, mtaalamu wa Kijerumani Kristian Remes alimtaja dinosaria mwingine wa Tendaguru kuwa Australodocus bohetii. Hilo la pili ni jina la Boheti. Mwaka 2019 likaja Wamweracaudia keranjei, ambalo limebeba Wamwera na Mohammadi Keranje, mwingine kati ya waliofanya kazi Tendaguru. Kwa hiyo wasomi wa ng'ambo wameshaanza kurekebisha. Mtu aliyeko London au Berlin akifungua jarida la elimu ya viumbe wa kale anakutana na Boheti. Mimi katika kuzunguka kwangu mjini Lindi, mji ambao mizigo ile ilipitia, sijakutana na kibao chenye jina hilo. Hii inaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Tena Tendaguru ilikuwa chuo. Hans Reck, mtaalamu wa Kijerumani, alifanya kazi pale mwaka 1912, na mwaka 1913 akaenda kuchimba Olduvai. Mwaka 1924, Waingereza walipokuja na msafara wao, mmoja wa waliofika alikuwa kijana wa Cambridge aitwaye Louis Leakey. Kila mtoto wa Tanzania anamjua Leakey kwa sababu ya Olduvai, na ni haki amjue. Lakini kabla Olduvai haijampa sifa, Leakey alijifunza namna ya kuchimba masalia makubwa hapa, katika vichaka vya Lindi, pamoja na watu waliokuwa wameshaishika kazi hiyo.

Usidhani namtaka Boheti peke yake kwa kuwa mkoa hauna wengine. Tunayo Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981. Mwanzoni mwa karne ya 14 pale alitawala Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakati dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Alijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, juu ya gema linalotazama bahari. Sarafu yake imeokotwa mpaka kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 na kuuhesabu mji huo katika miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko mingine.

Ibn Battuta anasimulia jambo moja ambalo huwa nalisoma na wanafunzi polepole. Sultani alitoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri wa Yemen akamzuia njiani akamwomba nguo zilezile alizovaa. Sultani hakumfukuza. Alirudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavaa nguo nyingine na kumwambia yule fakiri azichukue. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani alipopata habari ya sifa zile, akaamuru fakiri aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wanafunzi hufurahia ukarimu, kisha mmoja huuliza: wale ishirini walikuwa akina nani? Jina la sultani tunalo, la msafiri tunalo, hadithi imepita karne saba. Majina yao hayapo na hatutayapata tena. Ndivyo ilivyo pia kwa dhahabu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na meli za vita akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Ilipofika Lisbon ilifuliwa kuwa chombo cha ibada, Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho mpaka leo kinatunzwa katika makumbusho huko. Mfalme aliyekiagiza anajulikana, Manuel I. Anayetajwa kuwa sonara wake anajulikana, Gil Vicente. Aliyeitoa dhahabu ardhini kusini mwa Afrika hajulikani.

Ndiyo maana naling'ang'ania jina la Boheti, Mheshimiwa. Katika historia ndefu ya pwani hii, walioinama na kubeba mara nyingi wamepotea bila jina. Huyu hakupotea. Jina lake liko kwenye maandishi pamoja na kazi aliyoifanya na miaka aliyoifanya. Kumwacha bila kumbukumbu katika mkoa alikofanya kazi hakuna udhuru wa kukosa ushahidi.

Sizungumzii hapa kurudishwa kwa mifupa. Hilo ni jambo la Wizara na la serikali mbili, ya Tanzania na ya Ujerumani, lina wataalamu wake na mjadala wake. Ninachoomba hakihitaji ndege wala mkataba. Mwaka 2022, katika operesheni ya anwani za makazi, mitaa na barabara nchi nzima ziliwekewa nguzo na vibao vya majina. Mji unaendelea kupanuka, viwanja vinapimwa, barabara mpya zinafunguliwa na zitahitaji majina. Utaratibu unajulikana: wananchi wanapendekeza kwenye mkutano wa mtaa, kata inajadili, halmashauri inapitisha. Ofisi yako haiwezi kuwachagulia watu jina, na si vizuri ifanye hivyo. Inaweza kuziandikia halmashauri barua moja ikizikumbusha kwamba majina haya yapo: Boheti bin Amrani, Mohammadi Keranje, na kwa upande wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman.

Pale bandarini naomba zaidi kidogo. Paandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka kwamba hapa ndipo ilipopakiwa mifupa iliyosimama Berlin, kwamba ilibebwa na wapagazi kwa miguu kutoka Tendaguru, na kwamba msimamizi mkuu wa wafanyakazi wa kilimani alikuwa Boheti bin Amrani. Mtalii anayeshuka kwenye basi la Dar es Salaam akielekea Mikindani atakuwa na sababu ya kulala Lindi usiku mmoja. Na mtoto anayepita kwenda kununua samaki atasoma jina linalofanana na la babu yake.

Najua yupo atakayesema kibao hakileti maji. Kweli hakileti, nami mwenyewe nangoja maji kama wengine. Lakini kibao hakichukui fedha za kisima. Mkoa wenye Kilwa na Tendaguru ndani ya mipaka yake hauwezi kuendelea kujitambulisha kwa korosho na ufuta tu, halafu ukashangaa wageni wanaishia Zanzibar na Serengeti. Afisa utamaduni na afisa utalii wa mkoa wanaweza kuandaa maandishi ya kibao kwa siku chache. Habari zenyewe zipo.

Kwa upande wa shule, tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na lina nafasi ya kutosha kwa habari za mahali shule ilipo. Ofisi ya elimu ya mkoa ikitukusanya walimu wa historia, tunaweza kutengeneza kijitabu kifupi cha Tendaguru na Kilwa cha kutumika Lindi nzima. Na ikiwezekana, wanafunzi wa mjini wafikishwe Tendaguru angalau mara moja kabla hawajamaliza kidato cha nne. Njia ni mbaya wakati wa masika, kwa hiyo safari ipangwe kiangazi.

Vilevile wazee wa vijiji vya jirani na Tendaguru wahojiwe sasa. Kizazi cha wachimbaji wenyewe kimeshaondoka, lakini wajukuu wapo, na katika familia nyingine huenda yakapatikana majina ambayo hayamo kwenye daftari lolote la Berlin. Kazi hiyo walimu na wanafunzi tunaiweza tukipewa barua ya utambulisho kwa watendaji wa vijiji. Tukiipata kabla ya likizo ya Juni, tutaanza likizo hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa historia, Lindi mjini