Mamako Ameniletea Bahasha Yako

Kisauni, Mombasa
Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu Lali,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima na bahari inakupa. Huku kwetu wote wazima, mama akusalimu, Mbarak akusalimu na kukudai, na Chengo bado ni yule yule mwongo. Salamu nyingine utazijaza mwenyewe, maana Athman apanda basi la Mokowe, Lamu, alfajiri na ameapa barua isipomfikia kabla hajalala, nitaogelea niilete mwenyewe hadi Kizingitini.

Simu yako haipatikani. Mmoja kaniambia imeanguka majini, mwengine kaniambia umeiuza ukanunua miwani ya kuzamia. Lililo kweli utaniambia wewe. Ningekuandikia WhatsApp mistari mitatu tukamalizana, sasa itakubidi usome karatasi, na mwandiko wangu waujua.

Jambo lenyewe ni hili. Mamako alikuja kwetu juzi baada ya magharibi, hakutaka hata kukaa, akanipa bahasha ya kaki. Ndani mna cheti chako cha kuzaliwa, nakala ya matokeo yako, na shilingi 1,500 za noti za hamsini na za mia, zanukia viazi karai mpaka leo. Akaniambia, "Mwanangu, mjazie mwenzako hiyo ya chuo, isije ikafungwa naye yuko baharini." Nikamuuliza, nimjazie nini mama? Akasema, "Chochote chenye kazi." Kisha akaenda zake, ameacha karai motoni.

Chochote chenye kazi! Yakhe, nimekaa na hiyo bahasha sijui niiweke wapi. Sasa iko chini ya godoro, na kila nikipita pale kwenye meza yake ya viazi anitazama tu, hasemi, na achota bajia ananipa bila kunihesabia. Bajia zenyewe zanishinda kumeza.

Kinachonitisha ni kwamba naweza. Sijui kama wewe walijua hili huko uliko. Ili uingie kwenye tovuti ya KUCCPS, hao wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, wataka nambari yako ya mtihani, mwaka uliofanya KCSE, na nywila, na nywila ya kwanza ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ile nambari tuliyofanyia KCPE darasa la nane. Ndiyo hiyo tu. Nambari yako ya mtihani siwezi kuisahau, ni yangu ukitoa moja, nimekaa nyuma yako mtihani mzima nikitazama kile kikovu cha kisogoni. Cheti ninacho. Pesa ninazo. Nikitaka, usiku huu huu naingia nakuchagulia elimu ya kilimo cha chai huko Kericho, nalipa, nalala, na mwezi wa tisa utafute sweta.

Usicheke. Kakake Chengo yalimkuta haya mwaka jana. Alikwenda kwa jamaa mmoja wa saiba, duka la intaneti, mambo yamemzidi, foleni hadi nje, akamwachia karatasi zake na pesa akaambiwa "wewe nenda, nitakujazia". Yule jamaa alikuwa na orodha yake moja, kila ajaye amjazia ile ile, basi. Majibu yalipotoka kaka wa watu kapelekwa kusomea kitu ambacho mpaka leo hawezi kukitaja bila kusoma kwenye simu. Kila kozi ina nambari yake ya tarakimu saba, kozi hiyo hiyo kwenye chuo kingine ni nambari nyingine. Ukikosea tarakimu moja huna wa kumlaumu, ukiwa hukujaza mwenyewe hujui hata kama kulikoseka. Kwa hivyo nilipomwona mamako na ile bahasha, nilimwona yule jamaa wa saiba, ila safari hii yeye ndiye mimi.

Yangu nimeshajaza. Nilijaza kwa simu usiku, bando za usiku zikiwa rahisi, na ami yangu amekaa kitandani pembeni kama refa. Ami ataka sheria. Ametaka sheria tangu nikiwa kidato cha kwanza, kwa sababu ya ile kesi ya shamba la Mtwapa ambayo sitaisomea mimi wala mwanangu. Nikamwambia, ami, sheria wataka B ya Kiingereza au Kiswahili, hiyo ya Kiswahili ninayo alhamdulillahi, lakini pointi zangu za kundi lile la masomo na pointi zilizochukua watu wa mwisho mwaka jana Chuo Kikuu cha Nairobi ziko mbali, tena mbali. Tovuti yenyewe yakuonyesha, pointi zako hapa, za mwaka jana pale, wewe watazama tu. Ami akasema, "Andika tu, Mungu ni mkubwa." Mungu ni mkubwa, lakini nafasi za kuchagua ni 1a, 1b, 1c, kisha 2, 3 na 4, na sikutaka kuipoteza ile ya juu kwa dua ya mtu mwengine. Nimeweka elimu ya viumbe vya baharini na uvuvi, Pwani, pale Kilifi, juu kabisa. Ya rasilimali za bahari ya pale TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, Tudor, nayo nimeiweka. Ami alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Samaki huyu huyu wa kupaka ndiye asomewe miaka minne?" Nikamwambia na wale waliojenga KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, pale Mkomani waliona asomewe. Hajanijibu mpaka leo, ila chai anywa chumbani kwake.

Kulipa ni kwa M-Pesa, paybill 222222, ile ya eCitizen ya serikali, tovuti inakupa nambari ya akaunti yako. Ukishalipa na kuwasilisha, pakua ile karatasi uiweke. Mkopo na udhamini huombwa kando, baadaye, ukishapata nafasi, ndivyo ilivyo tangu huo mpango mpya wa karo za vyuo wa 2023, kwa hivyo ukisikia mtu huko akikwambia "ukijaza KUCCPS umeshapata pesa", mwambie aende akavue.

Sasa turudi kwako. Nimekufanyia hesabu, nisamehe, nilikuwa sina usingizi. Una B- ya pointi 56. Kwa makundi ya sayansi ya viumbe nimechukua Kiswahili chako B+, hiyo 10, Biolojia B, 9, Kemia C+, 7, na Hesabu C, 6. Jumla 32. Ile kanuni mwalimu Kazungu aliyotuandikia ubaoni siku ya mwisho wengine wakicheza karata: 32 juu ya 48, mara 56 juu ya 84, toa kipeuo cha pili, zidisha kwa 48. Zote mbili ni thuluthi mbili, kwa hivyo yatoka 32 safi, bila ya vumbi. Sikuamini, nikarudia. Huenda tovuti ikakupa tofauti kidogo, hiyo ndiyo ya kufuata, lakini utakuwa hapo hapo.

Kwa 32 uuguzi wa shahada usahau, wauguzi wa shahada wako juu sana. Lakini stashahada ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, waweza kuiomba, wastani wao ni C, nayo pia siku hizi huombwa humo humo KUCCPS, na wana tawi Lamu, ungekuwa karibu na mjomba wako. Mamako angelia kwa furaha, nafikiri hiyo ndiyo "yenye kazi" anayoisema. Hii yangu ya bahari nafikiri unaipata kuliko mimi, una pointi nyingi kunishinda. Au kama ni meli wazitaka, meli zenyewe, si mashua, kuna Bandari Maritime Academy hapa hapa mjini na si lazima iwe shahada. Waona? Nimeanza kukuchagulia. Ndicho ninachokataa na ndicho ninachokifanya.

Najua utasemaje. Utasema kamba mawe wanalipa. Nimeona ile picha Athman aliyoleta, umemshika yule mkubwa kwa mapembe mawili, meno yote nje, ngozi imekuwa rangi ya mkaa. Nilikuonea wivu, kweli. Hapa mimi nauza maji na soda stejini na ami ahesabu chupa. Wewe wazama asubuhi, jioni wakala amekupimia, una pesa yako mfukoni na hakuna anayekuuliza tarakimu saba. Sisemi ni kazi mbaya. Babangu aliifanya mpaka masikio yakamharibika, na hajawahi kuijutia, ajutia masikio tu. Lakini kaskazi yaisha Lali. Kusi ikianza kupiga mashua zalala juu, na wale vijana tuliowakuta pale Faza ile safari ya kidato cha tatu, wakikaa barazani tangu asubuhi, wewe ndiye uliyeniambia... basi, wakumbuka ulichoniambia. Siandiki.

Tena hakuna aliyesema uache. Ukiomba leo si kwamba waondoka leo. Waomba, wapata au wakosa, Septemba ikifika ukiona hutaki hukwendi. Usipoomba ndipo huna la kukataa.

Na mamako, nimwambie nini? Ameniuliza jana, "Umeshamaliza?" Nikasema intaneti yasumbua. Hiyo ni kweli kwa simu yangu, lakini si kweli kwa swali lake, na yeye si mjinga. Kumrudishia pesa siwezi, atajua umekataa na atapanda basi aje huko, na hiyo aibu mbele ya mjomba wako siitaki nikuletee. Kujaza bila wewe sijazi. Nimefikiria nijaze kitu chepesi tu kama akiba, ubadilishe baadaye, kisha nikamkumbuka kakake Chengo. Kwa hivyo nimekaa hapo, katikati, na bahasha yanukia viazi.

Nisikilize basi. Athman arudi Alhamisi. Chukua karatasi, hata iwe ya pakiti ya sigara ya mjomba wako, uandike kwa mkono wako: 1a ni hiki, 1b, 1c, 2, 3, 4. Majina ya kozi na chuo tu, nambari nitazitafuta mimi, nitakusomea kabla sijabonyeza ukipata simu ya mtu. Kama hutaki, andika hutaki, na uandike kwa mamako, karatasi yake mbali, nitamfikishia. Ukifika Lamu mjini, ingia mwenyewe, ndiyo bora, nami nitamrudishia mamako pesa zake nimwambie umejilipia, tena atafurahi zaidi. Ila ukiingia mara ya kwanza badilisha hiyo nywila, maana hicho cheti kimepita mikono mingi kabla ya wangu.

Hebu nijibu haya. Hiyo simu imeanguka au umeiuza? Kizingitini mtandao washika wapi, ni pale pale gatini au mpaka upande juu? Ni kweli mjomba wako amekuahidi fungu kwenye mashua, na ni maneno au mumeandikiana? Kilifi ungeenda, tukapanga chumba kimoja, au wataka mbali na watu wa kwetu? Uuguzi waweza kuona damu sasa, au bado ni yule aliyezimia tulipopasua chura? Na masikio yako yanauma ukitoka chini? Usinidanganye hapo, mimi nimekaa na mzee asiyesikia adhana.

Tovuti yafungwa wiki ijayo. Alhamisi, Lali.

Mbarak asema zile pesa zake waweza kumlipa kwa kamba, lakini wawe wazima na wawe na barafu, ile mara ya mwisho alikula peke yake kwa heshima tu na akalala msalani.

Ndugu yako,
Salim