Barua ya wazi kwa vijana wa idara za sayansi za jamii: warudieni waliowapa maneno

Wanangu na wajukuu zangu mnaofundisha na kusoma katika idara za sosholojia, historia, sayansi ya siasa na taaluma za maendeleo kwenye vyuo vikuu vyetu,

Nawasalimu kwa heshima, na kwa namna ya pekee nawapongeza mliotetea tasnifu zenu na sasa mnasubiri mahafali.

Kila mwaka msimu wa mahafali unapokaribia, idara hutoa habari zake: nani amepandishwa cheo na kuwa mhadhiri mwandamizi, nani amehitimu uzamivu, makala ngapi zimechapishwa na katika majarida gani, mradi upi umepata fedha na kwa miaka mingapi. Mimi husoma habari hizo zote, jina kwa jina, nikifurahi kama anavyofurahi mzazi, kwa sababu nilitumia zaidi ya miaka 30 katika kazi hiyohiyo na najua tasnifu moja hula miaka mingapi ya mtu, na najua pia kwamba katika miaka hiyo mke au mume wake ndiye hubeba mzigo wa nyumba. Lakini kuna mstari mmoja ambao nimeutafuta katika habari hizo kwa muda mrefu bila kuuona, nao ndio ulionifanya niandike: mstari unaosema kwamba mtafiti fulani, baada ya kumaliza, alirudi katika kijiji au mtaa alikofanyia utafiti wake na kuwasomea wenyeji alichokiandika juu yao.

Msinisome kama mzee anayewalaumu vijana, kwa kuwa kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe.

Mwaka 1979 nilikwenda katika kijiji kimoja cha vilima vya Matumbi, wilayani Kilwa, kufanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu maisha ya familia baada ya Operesheni Vijiji, ile kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Wakati ule mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, nasi tulingoja siku nzima na usiku wake kabla ya kuvuka. Nilikaa miezi minne nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, nikala chakula chake, na nikajaza hojaji zaidi ya mia moja. Ulikuwa msimu wa palizi, na watu waliacha majembe yao ili wanijibu maswali ambayo mengine, nikiyasoma leo, naona hayakustahili kumtoa mtu shambani. Kulikuwa na mama mmoja mzee, ambaye nilimwita Bibi kama walivyomwita wote, aliyenipa alasiri tatu nzima huku akimenya mihogo. Siku ya mwisho aliniuliza nitamletea lini hayo niliyoyaandika, nami nikamjibu kwamba mwakani, Mungu akipenda. Nilipata shahada yangu, idara ikatangaza jina langu pamoja na ya wenzangu, wazazi wangu wakachinja mbuzi, na kijiji kile nikakiweka kando kwa miaka 11.

Nilipofika tena mwaka 1990 nilikuwa napita tu kwa shughuli nyingine. Katibu wa kijiji alinikaribisha ofisini na kunipa kitabu cha wageni nitie saini. Ninyi mnaotoka mara kwa mara kwenda kukusanya data mnakijua kitabu hicho, daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula, lenye safu ya tarehe, ya jina, ya anakotoka mgeni, ya madhumuni na ya saini. Wakati namngoja mwenyekiti nilianza kuzifunua kurasa kurudi nyuma, hadi nikaiona saini yangu ya mwaka 1979. Kati ya saini ile na siku ile nilihesabu watu tisa ambao katika safu ya madhumuni waliandika neno moja, utafiti. Nilimwuliza katibu ni wangapi kati yao waliorudi. Alijibu kwa upole, bila kukusudia kunitahayarisha: "Wa kwanza ni wewe, mwalimu, na wewe nawe unapita tu."

Nawaomba mlitazame kwa makini daftari lile, kwa sababu nalo ni taarifa ya idara. Kila tarehe iliyomo ililingana na habari njema huku chuoni, yaani utafiti umeanza, data zimekusanywa, mwanafunzi amehitimu, makala imetoka. Sisi tuliziona hatua hizo kama ngazi zinazopanda. Watu wa kijiji kile waliona mlango ambao wageni huingia, huuliza, hutia saini na kuondoka.

Mwaka uliofuata, 1991, nilikwenda kwa ajili hiyo tu. Niliufupisha utafiti wangu katika kurasa 12 za Kiswahili, na kazi hiyo ilinichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu mambo mengi niliyokuwa nimeyaeleza kwa wepesi katika Kiingereza yaligoma kabisa kusemeka mbele ya watu wanaoyaishi. Mwenyekiti aliitisha mkutano mkuu wa kijiji chini ya mkorosho, nami nikasoma. Nilipofika kwenye jedwali la kaya, watu wakaanza kunong'onezana, kisha mama mmoja wa makamo akasimama na kuniuliza kaya ni nini. Nikamjibu kama tulivyofundishwa: watu wanaokula chungu kimoja. Akaniuliza kwa nini basi mume wake, mwenye wake watatu, nimemwandika kuwa ni kaya moja, ilhali kila mke ana jiko lake, shamba lake na ghala lake, na njaa ikiingia huingia kwa kila mmoja kwa siku yake.

Sikuwa na jibu. Mimi nilikwenda nyumba hadi nyumba nikimwulizia mkuu wa kaya, na kila nilipopelekwa kwa mwanamume nilijaza hojaji moja na kuendelea na safari. Sura nzima ya tasnifu yangu, ile iliyohusu chakula na nguvu kazi, ilisimama juu ya hesabu ile. Nilikuwa nimeandika kwamba familia nyingi zilikuwa na akiba ya kutosha kufikia mavuno, na kumbe nilikuwa nimejumlisha maghala ya wanawake watatu wasiogawana chakula, na aliyekuwa na njaa kati yao akafichwa na wenzake wawili waliokuwa na akiba. Wasimamizi wangu, wasahihishaji wa ndani na wa nje, na mhariri wa jarida lililochapisha makala yangu, wote hao walilipita kosa hilo. Alilikamata mama yule kwa dakika chache, mara tu aliposomewa kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo nasisitiza kwamba kurudi si hisani tunayowafanyia wanavijiji, wala si adabu tu, ingawa adabu peke yake ingetosha. Ni sehemu ya utafiti wenyewe. Idara inayojivunia umakini wa mbinu zake, lakini haijawahi kuwapa nafasi ya kusahihisha wale wanaolijua jambo kuliko wote, bado haijamaliza kazi yake.

Bibi alikuwa hai mwaka ule wa 1991, na alikuja mkutanoni akishikwa mkono na mjukuu wake. Baada ya kunisikiliza aliniita pembeni akaniuliza jina lake liko wapi. Nilimweleza kwamba katika tasnifu wahojiwa hufichwa majina ili wasidhurike, na kwamba yeye alikuwa namba. Alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mimi nilisema kwa kinywa changu mwenyewe, mbona unanificha?" Najua kanuni za maadili mnazofundishwa, na nyingi ni za haki. Anayewaeleza juu ya mgogoro wa ardhi, ugonjwa wake, au ukatili aliotendewa nyumbani anapaswa kulindwa, hata kama mwenyewe haioni hatari iliyopo. Lakini mzee anayewapa historia ya mji wake anawapa kitu chake, na anastahili kuulizwa iwapo anapenda kutajwa. Muulizeni kabla hamjamgeuza kuwa namba.

Haya si mawazo mageni katika taaluma zetu, na ndiyo sababu inaniuma tunapoishi kama kwamba hayajawahi kufanyika. Chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 kwa kitivo cha sheria pekee, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba, kilihamia Mlimani mwaka 1964, na Idara ya Historia ilikuwa bado changa kabisa ilipoanzisha mradi wa utafiti wa Vita vya Maji Maji. Mwaka 1968 wanafunzi wake, wakiongozwa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda kuwahoji wazee waliokumbuka mambo yaliyoanza Julai 1905, pale watu wa Nandete, katika vilima hivyohivyo vya Matumbi, walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na serikali ya Kijerumani. Miaka 63 ilikuwa imepita. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 wakati wa vita alikuwa amevuka 70, na kama vijana wale wangechelewa miaka 10 zaidi, sehemu kubwa ya waliyoyaandika tusingekuwa nayo leo. Kabla ya hapo habari za vita vile zilijulikana zaidi kwa kalamu ya waliovishinda. Na katika chuo hichohicho, mwaka 1969, Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile, inayohusu vita hivyo, kwa Kiswahili, ikaigizwa na kusomwa na vijana wa shule ambao kamwe wasingelifikia jalada la makala za utafiti. Mimi naihesabu ile kuwa hatua kubwa kupita nyingi ambazo taarifa zetu za mwaka zimeorodhesha tangu hapo.

Kuna na mfano wa pili, ambao wengi wenu sidhani kama mmeufundishwa. Kati ya mwaka 1975 na 1979, katika Wilaya ya Bagamoyo, uliendeshwa mradi wa utafiti wa utamaduni na maendeleo ulioitwa Jipemoyo, ambao Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Watafiti wake walishikilia kwamba mwanakijiji si mtu wa kuulizwa tu, bali ni mtafiti mwenza, anayeshiriki kuamua swali gani liulizwe na jibu lifanyiwe nini. Mbinu ya utafiti shirikishi, ambayo leo mnaisoma katika vitabu vilivyochapishwa ng'ambo, ina mojawapo ya mizizi yake hapo, mwendo wa saa chache tu kutoka madarasani kwenu.

Sasa niseme namna ya kufanya. Bajeti ya utafiti inapoandikwa, nauli ya kurudi na kulala siku mbili iwekwe humo tangu mwanzo, kwa maana isipowekwa mwanzo haitapatikana baadaye. Muhtasari uwe wa Kiswahili cha kawaida, usiozidi kurasa 10, na usomwe kwanza kwa mtu mmoja wa kijiji hicho kabla ya kusomwa hadharani, ili jambo la siri ya mtu lisije likatoka kwa bahati mbaya. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, na hupaswa kukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji na kuomba muwekwe katika ajenda. Kwenye mitaa ya mjini kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa watu huhama, lakini mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake wapo. Kisha acheni nakala mbili, moja ofisini na moja shuleni, na yale yatakayosahihishwa mkutanoni yaandikwe na kuingizwa katika kazi, pamoja na shukrani kwa aliyesahihisha.

Najua mtakalonijibu, kwa sababu hata mimi nililijibu hivyo nilipokuwa kijana: vigezo vya kupanda cheo havitoi alama kwa kusoma kurasa 10 chini ya mkorosho, na ripoti inayodaiwa ni ile ya mfadhili na ile inayopelekwa COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa mujibu wa kibali cha utafiti. Ni kweli, na simlaumu mhadhiri mwenye mkataba wa miaka miwili anayehesabu makala zake kwa hofu. Neno hili nalielekeza kwa wakuu wa idara. Alama za kupanda cheo huenda haziko mikononi mwenu, lakini taarifa ya mwaka ya idara iko mikononi mwenu, na mnaweza kuongeza humo sehemu moja tu, yenye jina la kijiji, tarehe ya mkutano na jambo lililosahihishwa. Kijana akiona jina lake hapo, karibu na majina ya waliochapisha, atajua kwamba idara yake inaihesabu kazi hiyo kuwa kazi. Mwalimu Nyerere aliwahi kutufananisha sisi wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali akawaletee wenzake chakula. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani alizungumzia ada tu. Bibi hakunilipia ada, alinipa alasiri tatu za msimu wa palizi.

Mimi nimestaafu, lakini miguu bado inanibeba. Hojaji za mwaka 1979 ninazo nyumbani katika masanduku mawili, na nimekwisha kuandika majina ya waliokubali kutajwa, wale niliowakuta hai mwaka 1991. Wengi wametangulia mbele ya haki, ila watoto wao wapo. Iwapo kuna mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kufanya utafiti wa chakula na familia upande ule, nitampa masanduku yote mawili na nitafuatana naye. Siku hizi kuna daraja la Mkapa tangu mwaka 2003, na basi linaloondoka Mbagala asubuhi huvuka Rufiji mapema mchana. Naomba tu niarifiwe wiki mbili kabla, ili nimwandikie mtendaji atupe nafasi katika mkutano.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa sosholojia