Ramani ya sumaku si ramani ya dhahabu, msiuziwe mashamba kwa rangi

Mhariri,

Salamu kutoka Likoni. Naandika nikiwa na hasira kidogo kwa hivyo mnisamehe nikiruka ruka. Ile picha mliyoitoa juzi, ya ramani ya utafiti wa sumaku yenye rangi nyekundu na buluu, mkaandika chini yake "utajiri uliofichika", imeshafika kwenye simu za madalali huku kwetu na wanaitumia kuuza mashamba. Binamu yangu ametoa arubuni elfu 80 kwa ekari mbili upande wa Kwale, na alichoonyeshwa ni hiyo hiyo ramani, dalali kaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa akamwambia, "Ami, angalia hapa palipowaka, mali iko chini hapa." Hakwenda hata kuona hiyo ardhi.

Sasa mimi si mjiolojia, mimi nlikuwa kibarua tu, msimu mzima nilikata laini, yaani vijia vilivyonyooka vya kupimia, na kubeba magnetomita, mashine ya kupima nguvu ya sumaku, kwenye utafiti mmoja huko bara ya Pwani, lakini nilichokiona nimekiona, na naona gazeti lingemsaidia msomaji zaidi kama lingeeleza ile mashine inapima nini.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Sheria yake chomboni ilikuwa moja, hakuna panga wala nanga ndogo wala kitu chochote cha chuma karibu na dira, maana sindano inavutwa na mnaweza kujikuta mmepanda mwamba mkidhani mnaelekea bandarini. Basi utafiti wa sumaku ni kuigeuza shida ya babu ikawa kazi. Dunia yenyewe ni sumaku, na mahali popote ukisimama kuna nguvu yake unayoweza kuipima, hapa kwetu ni kama nanotesla 33,000 na zaidi kidogo, nanotesla ndiyo kipimo chake. Chini ya ardhi kukiwa na jiwe lenye magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, ile namba inayumba, pengine kwa makumi tu, pengine kwa maelfu. Unatembea laini baada ya laini ukisoma namba, jioni zinaingizwa kwa kompyuta, zinapakwa rangi. Nyekundu ni namba kubwa, buluu ni namba ndogo. Basi, hakuna rangi ya dhahabu wala rangi ya koltani.

Mzee aliyetuongoza alituhadithia kwamba kule Sweden watu walikuwa wakitafuta chuma kwa dira tangu karne ya 17, na mwaka 1879 akatoka profesa wao mmoja, Thalén, akaandika namna ya kuipima vizuri. Kuipandisha kwenye ndege kulikuja na Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wanasaka nyambizi, vita vilipoisha vyombo vikahamia kwenye madini. Kwa hivyo si uchawi na wala si kitu kipya. Serikali yetu yenyewe imerusha ndege kupima nchi katika miaka hii ya karibuni na mimi nasema ni jambo zuri sana, isieleweke kwamba napinga.

Lakini ngoja niwaambie hii kazi ilivyo kwa miguu. Asubuhi kabla ya kutoka unavua mshipi, unaacha funguo, simu, saa, mzee alikuwa anakagua hata viatu kama soli ina msumari. Mashine moja inabaki chini ya mwembe haisogei siku nzima, inaandika tu, kwa sababu nguvu ya sumaku inapanda na kushuka yenyewe kwa ajili ya jua, saa nne asubuhi si sawa na saa kumi jioni, na usipotoa ile tofauti utadhani umepata jiwe kumbe umepata mchana. Siku jua lenyewe likichafuka, sisemi mawingu, kazi inalala. Kuna siku tulikaa chini ya huo mwembe mpaka adhuhuri tunakula mabuyu kwa sababu namba zilikuwa zinaruka kama mbuzi, mwenzangu akidhani mashine imeharibika, mzee akasema mashine nzima, jua ndilo bovu leo.

Na kila kitu cha chuma kinakudanganya. Nyumba ya mabati, ua wa seng'enge, nguzo ya stima, bodaboda ikipita kwenye njia ya shamba namba inaruka. Wiki ya pili nilisoma namba iliyopanda ghafla karibu elfu mbili, hatua tano mbele ikarudi chini, hatua tano tena kawaida. Nilipiga kelele wallahi, nilidhani nimetajirisha nchi. Mzee akaitazama akacheka, akasema kitu kikipanda kwa ncha kali hivyo kiko juu juu tu, jiwe lililo chini sana linakuja pole pole kama mlima wa mbali. Tukafukua kwa jembe, futi moja na nusu, tukatoa kipande cha plau ya trekta kilichooza kutu. Sasa fikiria namba kama ile ingebaki kwenye ramani na ikapakwa nyekundu, dalali angeiuza bei gani?

Halafu kuna hili ambalo ndilo lililonifanya nishike simu niandike. Dalali anasema palipo pekundu ndipo palipo na mali. Hata tukijifanya mali yenyewe ni jiwe lenye sumaku, kwa huku kwetu pekundu mara nyingi si penyewe! Kule Sweden sindano ya sumaku imesimama karibu wima, jiwe likiwa chini unapata nyekundu juu yake. Sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku, ile inayopita kaskazini yetu upande wa Ethiopia, kwa hivyo sindano imelala, imeinama digrii 25 na kitu tu, tena ncha yake ya kaskazini inatazama juu. Matokeo yake jiwe moja linajitokeza kama rangi mbili pamoja, buluu inakaa juu ya jiwe lenyewe au kusini yake kidogo, nyekundu inasogea kaskazini. Wataalamu wana hesabu za kuinyoosha hiyo picha na hata hizo hesabu zinasumbua huku karibu na ikweta. Na bado kuna mawe yaliyobaki na sumaku ya zamani tangu yalipopoa, hayo yanavuruga kila kitu. Kwa hivyo binamu yangu, hata kwa hesabu za dalali mwenyewe, huenda amelipia shamba la jirani.

Tena dhahabu haivutwi na sumaku. Wanaoitafuta kwa njia hii wanatafuta nyufa na mipaka ya mawe ambamo dhahabu hupenda kukaa, na pengine dalili ni namba kushuka, si kupanda. Ule mchanga mzito wa Kwale uliosafirishwa kupitia hapa Likoni kuanzia 2014, mpaka uchimbaji ukakoma mwisho wa 2024, nao una somo lake, ndani yake mlikuwa na madini matatu, kiwandani ilmenaiti ilivutwa na sumaku kali ikatengwa, rutaili na zirkoni zikakataa, na ni mchanga mmoja ule ule. Milima ya aina ya Mrima, ule wa huko Kwale, yenye madini ya niobiamu, hiyo ndiyo sumaku inaweza kusaidia, kwa sababu mawe ya namna ile mara nyingi huwa na magnetaiti na hujichora kama duara. Lakini duara halikwambii niobiamu iko kiasi gani. Hilo linajulikana kwa kuchimba shimo jembamba, kutoa jiwe, kulipeleka maabara. Bila shimo mnaangalia picha tu.

Na hata shimo likionyesha kitu, sheria ya madini ya 2016 inasema madini ni mali ya jamhuri hata yakiwa chini ya kitanda chako. Mrabaha unagawanywa, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Mwenye shamba analipwa fidia ya ardhi yake, hauzi jiwe. Hili dalali halisemi, na nyinyi pia hamkulisema.

Ombi langu mhariri ni dogo. Mkichapisha ramani kama ile tena, acheni ule msitari wa rangi na namba zake pembeni, safari hii mliukata, na muulize swali moja tu, je kumechimbwa shimo? Kama hakujachimbwa andikeni hivyo, kwa herufi kubwa ikiwezekana.

Binamu anapiga simu ya dalali kila siku, mteja hapatikani. Mimi juzi nikishuka feri nilimwona kwenye kile kibanda chake, amekaa na wazee wawili, ramani ni ile ile kwenye simu, vidole viwili vile vile, jina la kijiji tu ndilo limebadilika, sasa anauza Kilifi.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa