Mpiga piano wa sonata si msindikizaji

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja. Matangazo ya maonesho ya muziki wa klasiki hutaja mpiga fidla kwa herufi kubwa, kisha chini yake kwa herufi ndogo: "akisindikizwa na piano". Kwa sonata, yaani utunzi ambao hapa fidla na piano hushirikiana kwa usawa, hilo ni kosa. Beethoven alipochapisha sonata zake 3 za kwanza za ala hizi, Opus 12 (kazi yake namba 12), jalada lilitaja ala ya vibonye kwanza, ndipo fidla ikafuata.

Sonata zote 10 za Beethoven za fidla na piano zilirekodiwa mwaka 1956 na 1957 na mpiga piano Clara Haskil, mzaliwa wa Bucharest, na mpiga fidla Mbelgiji Arthur Grumiaux, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 26. Haskil alijua fidla pia, na Grumiaux aliimudu piano, hivyo kila mmoja alielewa shida za mwenzake.

Na shida zipo. Nyuzi 4 za fidla, kuanzia wa chini, ni G, D, A na E. Mpiga fidla akichukua sauti ya A kwenye piano, kisha akalinganisha nyuzi nyingine kwa sikio, kila hatua kati ya uzi na uzi huwa pana kuliko ya piano kwa sehemu 2 kati ya 100 za nusu toni, yaani hatua kati ya kibonye cha piano na jirani yake. Akifika uzi wa G, amekuwa chini kwa sehemu 4. Ni kidogo, lakini G hiyo ikipigwa wazi, bila kidole juu ya uzi, huku piano imeshikilia G yake, sauti hutikisika. Mpiga piano hawezi kurekebisha kitu, na uzi ulio wazi hauna kidole cha kuusogeza. Dawa ni kuchukua G, D, A na E zote kwenye piano.

Wengi huharibu zaidi kwenye uwiano wa sauti. Fidla ikifunikwa, wanakimbilia kushusha kifuniko cha piano. Piano inafifia na fidla bado haisikiki, kwa sababu kinachoifunika ni besi, yaani sauti nzito za piano, hasa fidla inapocheza kwenye uzi wa G. Acheni kifuniko wazi. Mkono wa kushoto upige kwa wepesi na pedali inayorefusha sauti ipunguzwe.

Tena, nota za mpiga piano zina mistari ya wote wawili, ilhali mpiga fidla ana yake tu. Fidla ikiruka kipimo (kipande kimoja cha mapigo kwenye nota), ni piano inayoiokoa. Naye mpiga piano habebi ala yake: kila ukumbi una piano ngeni, na fundi anapaswa kuilinganisha upya baada ya mazoezi, kabla watu hawajaingia.

Desemba 1960 Haskil alianguka kwenye ngazi za stesheni mjini Brussels, akiwa njiani kupiga na Grumiaux, akafariki. Wawili hao walikuwa sawa jukwaani. Basi chapeni "sonata ya fidla na piano", majina yote mawili mstari mmoja, herufi za ukubwa mmoja.

Mwalimu wa muziki,
Dar es Salaam