Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: hata Waingereza walifundishwa kwa lugha ya wenzao

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Salamu zingekuwa ndefu, ila nina barua ya kujieleza natakiwa kuiwasilisha. Kosa langu ni kwamba mthibiti ubora alinikuta Kidato cha Pili nikifafanua biashara ya utumwa kwa Kiswahili, badala ya Kiingereza kinachotakiwa kufundishia sekondari. Nilipokuwa kwenye Kiingereza, darasa lilinyamaza kama lipo msibani. Nilipogeuza tu, mtoto wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, kwani machifu waliouza watu walilipwa nini?" Swali hilo ndilo lililoniponza. Onyo nililopewa, kwa taarifa yako, limeandikwa kwa Kiswahili fasaha.

Sasa mwalimu wa Historia akukumbushe historia ya hao tunaowaiga. Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na baadaye ya mahakama na shule. Ikaja vita na Ufaransa, 1337 hadi 1453, na lugha ya mabwana ikawa ndiyo lugha ya adui. Mwaka 1362 sheria ikaagiza kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa watu hawakielewi. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kumbe vituko hivi si vyetu peke yetu.

Lakini wenzetu walianza. Mwaka 1385 padri John Trevisa aliandika kwamba shule zote za sarufi zimeacha Kifaransa na watoto wanaelewa kwa muda mfupi zaidi. Hasara hakuificha: Kifaransa sasa wanakijua sawa na kisigino chao cha kushoto. (Kiingereza cha wanafunzi wangu, Mheshimiwa, kiko hapohapo kwenye kisigino, na hiyo faida nyingine hatujaiona.) Mshairi Geoffrey Chaucer alitekwa vitani huko Ufaransa, mfalme akachangia pauni 16 kumkomboa. Kifaransa alikijua vizuri, lakini mashairi yake akayatunga kwa Kiingereza, na maneno ya Kifaransa akayachukua bila kuomba radhi. Mfalme Henry V naye, akiwa vitani Normandy mwaka 1417, akaanza kutuma barua zake nyumbani kwa Kiingereza. Haikupita miaka mingi, watengeneza bia wa London wakaandika kumbukumbu za chama chao kwa Kiingereza, wakimtaja yeye kama mfano. Watengeneza bia!

Sisi Watanzania vita hatukuvihitaji. Tume ya Makweta, tume ya rais kuhusu elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie hata sekondari. Sera ya Elimu ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Mahakama zikapata sheria yao ya kutumia Kiswahili mwaka 2021. Shule zinangoja nini? Nahisi wenye kuamua watoto wao wako shule za mchepuo wa Kiingereza, kwa hiyo haraka hawana. Kama nakosea, nisahihishe, kwa lugha yoyote utakayo.

Kiingereza kifundishwe, tena vizuri kuliko sasa. Sijakikataa. Ila kupanda daraja nimekusubiri hadi nimechoka, na sasa faili langu lina doa kwa kosa la kueleweka.

Naomba waraka tu, Mheshimiwa, unaosema mwalimu wa sekondari akifafanua somo kwa Kiswahili asiandikiwe onyo. Ukurasa mmoja unatosha. Hata ukiuandika kwa Kiingereza, tutaupokea.

Wako mtiifu, bado,
Mwalimu wa Historia