Chebet asisaini kwanza

Mama Chebet mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ni joto la Texas tu linalotumaliza. Habari za shamba nitauliza huko chini, kwanza tuongee hili la mkataba wa matangazo ambao kampuni ya kinywaji imempa Chebet.

Nimeusoma wote, isipokuwa pale ulipopiga picha na kidole chako pamoja. Mwambie Chebet asisaini. Najua wenzake wa timu ya chuo wamemwambia siku hizi kulipwa kwa matangazo ni ruhusa, na hawakumdanganya. Kabla ya Julai 2021, mwanariadha wa chuo akilipwa hata kwa kutia sahihi kwenye fulana ya shabiki, NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, ilimfungia. Chuo kilikuwa kikiuza tiketi na jezi, mtoto akiambulia karo na chakula. Ed O'Bannon, aliyechezea mpira wa kikapu chuo cha UCLA, alijiona ndani ya mchezo wa video bila kulipwa hata senti, akawashtaki NCAA mwaka 2009, na kesi kama yake ndizo zilizoanza kulegeza mambo. Sasa wanauza majina na sura zao wazi wazi.

Lakini hao wenzake ni Wamarekani! Chebet yuko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Kulipwa kwa kurekodi tangazo humu nchini kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi bila kibali, na hapo viza iko hatarini, masomo pia. NCAA kuruhusu ni jambo moja, uhamiaji ni jingine kabisa. Unamkumbuka Oscar Tshiebwe, yule pandikizi la mtu kutoka Lubumbashi aliyechezea mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Kentucky? Mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, na viza hiyo hiyo ikamfunga mikono. Timu ilipokwenda Bahamas mwezi wa Agosti ndipo akafanya matangazo yake, nje ya mipaka ya Marekani.

Kwa hivyo hawa wa kinywaji wakimtaka kweli, wamngoje Desemba aje nyumbani, wampige picha akikimbia Iten na vumbi letu jekundu. Si ndilo wanalolitaka hata hivyo? Na hata hapo aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni. Ofisi, si kocha. Kocha anataka akimbie Jumamosi, basi.

Halafu kile kifungu cha saba. Eti watatumia sura yake milele, ulimwenguni kote. Milele, Mama Chebet! Hata sisi kanisani tuliapa mpaka kifo tu. Na ajenti achukue asilimia 30 kwa kazi gani, kupiga simu? Tena sasa mkataba wa mwanariadha na kampuni iliyo nje ya chuo, wa dola 600 au zaidi, lazima uripotiwe, na karatasi zako hazisemi lolote kuhusu hilo, wala kodi. Kama si viza ningesema tubishane nao tu, pesa ni nzuri, sikatai. Lakini viza...

Huyo ajenti mlimtoa wapi? Ndiye yule aliyemzungusha kijana wa Mwalimu? Chebet amewajibu lolote kwa maandishi? Kuna pesa ambayo tayari wametuma, hata kidogo? Niambie ukweli, sitakugombeza. Na baba, mguu umepona? Mahindi mmeuza au bado mnangoja bei? Nijibu kabla ya Ijumaa, maana nimeona wamempa hadi Jumatatu.

Wako,
Mama Kip